Mshono Ulikoelekea

Tangu basi dogo liondoke hotelini, Lyle Hargrave hakuwa ametulia. Alihama kiti, akarudi kilekile, akafungua kidirisha, akakifunga, akainama kukaza kamba za kiatu zilizokuwa zimeshakazwa. Kiatu cha kulia kilikuwa kidogo kuliko mguu wenyewe, kama wapiga mikwaju wanavyopenda, ili mguu uusikie mpira vizuri. Vidole vilibanana mle ndani vikihangaika kama vifaranga tengani.

"Mzee, utakitoboa hicho kiatu kabla hatujafika," alisema Ezequiel Barragán, aliyekaa nyuma yake akitafuna mkate wa hoteli. "Wakikuona hivyo watasema umekwisha."

"Walishasema, dogo. Wewe kula."

Walikuwa wawili tu, na walijuana. Jumanne wachezaji wa ligi hupumzika, na ndiyo siku ambayo wakubwa wa timu, wakiwa bado na hasira za mechi ya Jumapili, huwaita wapiga mikwaju wasio na kazi waje kujaribiwa. Basi watu hawa huruka mji hadi mji, hula kifungua kinywa meza moja, hupigania tonge moja mbele ya watu wenye makoti, kisha hurudishwa uwanja wa ndege kwa gari moja. Msimu ule Lyle na Ezequiel walikuwa wamekutana hivyo miji kadhaa, na kila mahali waliambiwa asante kwa kuja. Ezequiel alitoka Laredo, mpakani, na hakuwa amewahi kuvaa jezi ya ligi. Lyle aliwahi, tena hapahapa Toledo.

Wapuliza Vioo, ndivyo inavyoitwa timu ya Toledo, hawakumchagua siku timu zilipogawana wachezaji vijana. Walimleta kwenye mazoezi ya kiangazi awe punda, apige mipira ya mazoezi ili mguu wa nyota wao upumzike. Kocha wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyemwona. Alimfundisha kutoamini bendera zilizo juu ya milingoti, maana upepo wa Ziwa Erie ukiingia uwanjani hujizungusha, na bendera husema uongo. Alimfundisha kutazama majani na kusikiliza kwa sikio la kushoto. Ilichukua miaka. Ikafika mahali mashabiki wakawa wananyanyuka kwenda kununua soseji kabla Lyle hajapiga, kwa sababu walijua imeingia.

Halafu ukaja mkwaju mmoja, Desemba, mechi ya mwisho.

Mpira wa Kimarekani umekaa kama papai, na upande mmoja una mshono mnene wa kamba; mkwaju ni kuupitisha hewani katikati ya milingoti miwili. Mpigaji haukuti chini. Mwenzake mmoja huurusha kinyumenyume kati ya miguu yake, mwingine aliyepiga goti huudaka, huusimamisha kwenye ncha na kuuzungusha kwa kidole ili mshono uitazame milingoti. Mshono ukiutazama mguu, mpira huruka kama uliopagawa. Siku ile aliyepiga goti alikuwa Tobiah Kessler, rafiki wa Lyle, ambaye walikuwa wakipakuliana supu ya sufuria moja. Vidole vya Kessler viliteleza kwa baridi. Lyle aliuona mshono ukimtazama, lakini mguu ulikuwa umeshaondoka nyumbani. Mpira ukaenda kushoto na msimu ukaenda nao.

Waandishi walipomzunguka alisema, "Ni mguu wangu." Hiyo ndiyo mila ya kazi: mpigaji hamlaumu mshika mpira, hata kama amemsimamishia jiwe. Anayelaumu huitwa mlalamishi, na simu yake hailii tena. Kessler alipita nyuma ya kamera akiwa na taulo kichwani. Jumanne iliyofuata Lyle alipewa mfuko mweusi wa taka atie vitu vyake.

Mahali pake wakaweka kijana waliyemchagua kwa tarumbeta, Tanner Voss. Sasa Voss amekosa mpaka watu wanamtupia vikombe, na Wapuliza Vioo wamekumbuka kwamba Lyle Hargrave bado anapumua. Wenye timu hawana kumbukumbu. Wana saa ya kupimia.

Kwao Beaumont, mkewe Odile hakumwambia nenda wala baki. Alisema tu kwamba kaka yake, Clovis, anataka jibu kabla ya Jumamosi juu ya ile kazi ya kuezeka mapaa. Wote wawili walijua: mguu una umri wake, na Toledo ikimkataa, hakuna timu nyingine itakayopiga simu. Leo au basi.

Uwanjani upepo ulikuwa umeamka vibaya. Kocha Brannigan, msimamizi wa wapigaji, alisimama katikati na saa yake mkononi. Hakuwahi kupiga mkwaju maishani. Alikuwa beki, mwenye shingo pana kama gogo, na alizungumza na wapigaji kama mtu anavyozungumza na mtoto wa jirani. Kando yake alikuwa meneja mkuu, kofia ya koti imemfunika hadi nyusi. Kamera ilikuwa nyuma ya milingoti, imeelekezwa juu.

Na Kessler alikuwepo, amepiga goti, anapulizia vidole.

Lyle alikwenda kumpa mkono. Kessler aliushika akautazama, uso akaukwepa. Nywele zilikuwa zimeanza kumwacha.

"Odile hajambo?"

"Hajambo."

"Wewe piga tu, ndugu yangu," Kessler alisema taratibu. "Mengine niachie mimi."

Lyle aliyachukua kama maneno ya kupashana moto. Alipiga wa kwanza, wa karibu, ukapasua katikati. Alipiga wa pili. Mpira ulisimama mbele yake umenyooka, mshono mbele, kama kitu kilichoota pale. Miaka yote waliyokaa pamoja hakuwahi kuwekewa mipira mizuri namna ile. Mguu wake ukachangamka, ukamkumbusha kuwa yeye si mzee hata kidogo.

Ezequiel naye alianza vizuri. Wa tatu ukamtoroka kulia. Alishangaa, akagonga ncha ya kiatu chini, akarudi nyuma akijichekea.

"Laredo hakuna upepo?" Brannigan aliuliza.

"Upo, kocha, ila ule unatujua," Ezequiel alisema, na meneja akatabasamu kidogo.

Lyle hakucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alikuwa ameona kitu pale chini. Alijiambia ni macho. Zamu ya Ezequiel ilipofika tena, Lyle hakuitazama milingoti. Aliuganda mkono wa Kessler kwa macho. Mpira ulikuja safi, Kessler akaudaka, akausimamisha, mshono ukiwa mbele unakostahili. Kisha kile kidole, kilichoweza kugeuza mpira wowote kabla hujapepesa jicho, kikausukuma nusu mzunguko. Mshono ukaja nyuma. Mguu wa Ezequiel ukaukuta hapohapo, mpira ukapepesuka kama mlevi, ukapita nje.

Brannigan alikuwa anaangalia angani. Meneja alikuwa anaangalia angani. Kamera ilikuwa inaangalia angani. Ndivyo wanavyopima watu: hutazama mpira unakokwenda, halafu saa, halafu karatasi. Kule chini, mahali mkwaju unapozaliwa, hawana jicho hata moja. Ndivyo walivyompoteza Lyle. Kabla yake walimpoteza mpigaji mmoja Mpolandi, aliyekwenda kuwapa wapinzani wao kombe, na kabla ya huyo Msamoa mmoja mkimya. Na kila mmoja aliondoka na mfuko mweusi wa taka akisema ni mguu wake.

"Yangu hiyo," Ezequiel alisema. Safari hii hakucheka. "Ni mguu wangu, kocha."

Lyle alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye kile kiatu kidogo. Alimtazama Kessler, na Kessler, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama na yeye. Macho yake yalisema wazi: nakurudishia. Alikuwa amebeba ule mkwaju wa Desemba muda wote huu, na hii ndiyo njia aliyoiona ya kuutua: kumpa Lyle kazi yake kwa kuichota kwenye sahani ya kijana wa watu.

Na Lyle aliitaka ile kazi. Isisemwe kwamba hakuitaka. Alizunguka pale nyasini kama mbuzi aliyefungwa kambani. Alimwona Odile, akamwona Clovis na ngazi zake. Akajiambia huyu dogo bado ana miguu ya miaka mingi, atapata kwingine. Akapiga wake uliofuata, wa mbali, na ukaingia huku akiwa bado anabishana na nafsi yake. Brannigan alitazama saa, akamnong'oneza meneja. Meneja alitoa mikono mifukoni. Watu wa kazi hii wanaijua ishara ile. Imebaki kuulizana namba ya jezi tu.

"Wa mwisho," Brannigan alisema. "Barragán, halafu Hargrave, twende ndani tukapate joto."

"Kocha," Lyle alisema. "Mpe dogo ile miwili yake arudie."

"Kwa nini?"

"Mshono ulikuwa unamtazama."

Yule mrushaji wa mpira alijitia kufunga kamba za viatu. Kessler alibaki pale goti chini, mkono wazi, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Unamsema Kessler?" Brannigan aliuliza.

"Nasema nilichokiona. Mlikuwa mnatazama juu, nyote. Hata Desemba mlikuwa mnatazama juu."

Lile neno la Desemba lilimponyoka. Hakuwa amelipanga. Lakini neno likishatoka halirudi, na aliona jinsi lilivyowatua wakubwa wale wawili mzigo, kwa kuwa sasa walikuwa na jina la kuliita jambo lenyewe: malalamiko. Meneja alisogea karibu, mpole kama daktari.

"Umekaa nasi miaka, Lyle. Hukuwahi kulalamika. Hicho ndicho tulichokuwa tunakipenda kwako."

"Nikalipwa mfuko wa taka."

"Kijana," Brannigan alimgeukia Ezequiel, "ni kweli? Mshono ulikuwa nyuma?"

Ezequiel alimtazama Lyle. Kisha akamtazama Kessler, ambaye kesho huenda angekuwa ndiye anayemshikia mpira. Alilamba midomo. Alilelewa na kazi ileile, mila ileile ilikuwa imemkaa mifupani.

"Hapana, kocha. Mpira ulikuwa sawa. Ni mguu wangu."

Brannigan aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi. Akamwambia apige wa mwisho. Kessler aliweka mpira, na safari hii mshono ulitazama milingoti. Ukapaa, ukaingia. Lyle alipiga wake pia, ukaingia vilevile, lakini hakuna aliyepima muda. Saa ilikuwa imesharudi mfukoni.

Kule ndani hawakukawia. Meneja alisema mguu wa Lyle ni mzuri, pengine bora kuliko yote waliyoiona mwaka huu, ila timu inahitaji mtu anayebeba kosa lake. Asante kwa kuja.

Ezequiel alimfuata hadi kwenye basi, ameshavaa kofia ya Wapuliza Vioo. Alisimama mlangoni, hapandi wala haondoki.

"Nani alikuomba, mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ulitaka nionekane mtoto wa kulialia?"

"Ulikuwa nyuma. Uliuona."

"Niliuona." Alitazama viatu vyake. "Na wewe Desemba uliuona. Ulisema nini?"

Dereva alipiga honi. Ezequiel akaupigapiga ubavu wa basi, kama mtu anavyompigapiga farasi wa mwenzie, akaondoka.

Jumamosi Lyle alimpa Clovis jibu. Jumapili walikusanyika kwa Clovis, supu ya bamia jikoni, runinga imefunguliwa, na Lyle hakukaa. Alisimama nyuma ya kochi, akaenda jikoni, akarudi, akashika mlango. Wapuliza Vioo walikuwa nyuma kwa pointi mbili, mkwaju ukiingia huleta tatu, na mchezo ulikuwa unakwisha. Ezequiel akaingia, jezi safi kama ya harusi. Kessler akapiga goti.

"Kaa chini, shemeji, unatutia kizunguzungu," Clovis alisema.

Lyle alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Milingoti haikumhusu. Alitaka kuona kidole kimoja tu: kama kile alichokisema kimeingia kwa mtu yeyote, au kimepeperushwa na upepo wa ziwa. Mpira ukarushwa. Kessler akaudaka, akausimamisha, mkono ukaanza kugeuka, na picha ikaruka juu, angani, kwenye taa na milingoti.

"Imeingia!" Clovis alipiga kelele, na watoto wakaanza kurukaruka.

"Mshono," Lyle alisema. "Umeuona mshono?"

Odile alimshika mkono. "Imeingia, Lyle. Umesikia? Kijana amefunga."

"Subiri. Watarudia. Watarudia kutokea chini."

Walirudia. Picha ilitoka nyuma ya milingoti, imeelekezwa juu, na mpira uleule ukapanda tena.