Hisa Si Samaki wa Kukausha

Habari hii ilianzia sokoni Bwera, kwenye meza zetu za samaki wa kukausha. Wenzangu walisema Blasio, mvuvi wa Kahendero, aliuza injini ya mtumbwi akanunua hisa kwa simu. Nitazishika siku tatu tu, alisema. Sasa ni miezi minne anangoja bei irudi, na mke wake akimwita kula hageuki.

"Blasio ameolewa na simu!" Mackline wa meza ya pili akapiga makofi.

Wote walicheka. Mimi nilishindwa kucheka. Binti yangu Mbambu, kule Kasese, alikuwa kwenye biashara hiyohiyo, tena kwa pesa ya shamba letu la Karusandara. Tuliliuza ili tununue lingine karibu na barabara, na mwenye nalo alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

"Mama, mimi si Blasio," aliniambia. "Nanunua Jumanne, nauza natoka Ijumaa saa sita. Bei ipande, ishuke, ilale, natoka."

Hata mlangoni aliandika kwa chaki: IJUMAA SAA SITA. Mara mbili alitoka salama.

Ijumaa ya tatu nilikuwa kwake. Bei ilikuwa imeshuka kidogo tu. Kidole chake tayari kiko juu ya simu.

"Unauza kwa hasara?" nikamuuliza.

"Mama, saa imefika."

"Mimi samaki ikikataa kuuzika Ijumaa naipeleka tena kwa moshi, nauza Jumanne. Wewe unakimbizwa na askari?"

Akacheka. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi. Akaweka simu chini. Saa sita ikapita, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba mutoto amenisikia.

Jumanne bei ilikuwa imeanguka nusu. "Sasa siwezi kutoka," akasema. "Nangoja irudi pale niliponunua." Akachukua kitambaa chenye maji akafuta mlango.

Mwisho wa mwezi ukapita, shamba la barabarani akapewa mtu mwingine. Mbambu amerudi kwangu Bwera. Mchana huu nimemwita kula mara tatu.

Hageuki.

Wewe mama unayesoma, na watoto wako, epukeni haya:

Kununua kabla hujasema siku na saa ya kutoka.
Kusogeza saa hiyo ikishafika.
Kungoja bei irudi pale uliponunua.
Kuingiza pesa iliyo na kazi yake.
Kumwambia mtoto "ngoja" kwa kitu usichokijua.