Birika la Tamie
Nimekula chakula cha mchana, nimejilaza mkekani na birika la maji kando yangu, na usingizi unanichukua papo hapo. Nasimama barabarani. Barabara shenzi hii naijua, kila nikiikanyaga inajikunja upya, nyumba ziko juu na zile zile ziko mtoni kichwa chini miguu juu, na mwisho wake hauna jipya: mdogo wangu Tamie, miaka sita, ameegemea ukuta, ngozi imemchunika, asubuhi ile bomu la atomiki lilipoiteketeza Hiroshima yetu. Dada, maji. Nami na miaka yangu kumi na mmoja sikumpa. Watu wazima walisema aliyeungua akinywa atakufa, nikaificha chupa mgongoni. Akafa vivyo hivyo, na kiu yake. Kila mwaka nalimwagia maji kaburi lake, lakini jiwe halina kiu.

Leo nimekuja na birika. Darajani amesimama mtu asiye na uso, ananizuia, ananiambia, Kitendawili. Tega, namjibu, na upesi, nina safari. Alinyimwa kitu asife, akafa akikiita. Jibu ninalo, ila kulitaja ni kukiri. Umeshindwa, anasema, basi nipe mji. Hapo nachemka. Mji? Mji wangu mliuchukua asubuhi moja, na watu wake, na jibu hamkunipa. Hupati mwingine. Ni maji, na aliyenyima ni mimi, Shizue. Nipishe.

Ananipisha. Tamie yuko pale pale ukutani, na sauti zinanikataza pande zote, asinywe, atakufa. Ameshakufa, jamani, nawajibu, miaka sabini na mitano sasa, mwacheni anywe. Namwinua kichwa, namnywesha, anakunywa funda kwa funda mpaka kidevu kinalowa. Dada, umechelewa, anasema. Nimechelewa, mdogo wangu, nisamehe. Anacheka, anasimama, anawaita wenzake, nao wanatoka kila kichochoro, mamia kwa mamia, wanapanga foleni, namimina na birika haliishi, nalia kwa furaha na wala sioni haya. Tumeshinda.

Naamka. Jua bado kali. Mkeka mkavu, birika tupu, na nililijaza mwenyewe. Huenda nimeyanywa usingizini, huenda hapa ndipo ninapoota. Sibishani na mtu. Nalijaza tena mpaka juu, najilaza. Kuna waliokuwa nyuma kwenye foleni.