Kuanzia Shamba la Mwisho

Kwa mujibu wa katiba yake, kikundi cha Tukeshe kilikuwa kinafuga kuku.

Wanachama hawakulijua hilo mpaka siku Lightness, binti aliyetumwa na asasi moja ya misaada, alipoifungua katiba mbele yao na kuisoma kwa sauti. Wao walijijua kuwa ni wakulima wa kitongoji cha mwisho kabla ya hifadhi, nje kidogo ya mji wa Mikumi, waliokubaliana kulindiana mashamba dhidi ya tembo. Mahindi yanapoanza kubeba hupangiana zamu. Wenye zamu hupanda kwenye madungu na tochi na madebe, na anayesikia matawi yakivunjika hugonga debe ili wenzake waamke. Kazi ya kikundi ilikuwa hiyo tu.

Walipotakiwa kujisajili, walituma watu wawili Kilosa. Huko waliambiwa kwamba kikundi hakisajiliwi bila katiba, nao wakaenda kwenye duka la stesheneri wakaomba wachapiwe katiba. Mwenye duka akafungua ile aliyokuwa nayo kwenye kompyuta, akabadilisha jina pale juu, akachapa. Ndivyo vikundi vingi vinavyofanya. Katiba ikagongwa muhuri, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni, ikahifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Beda. Haikufunguliwa tena.

"Lengo la kikundi," Lightness akasoma, "ni kuondoa umaskini kwa njia ya ufugaji wa kuku wa kienyeji katika kata ya Mabwerebwere."

Mabwerebwere iko Kilosa mjini, safari nzima ya basi kutoka hapo. Watu wakatazamana. Filomena, anayeuza chakula stendi ya Mikumi, ndiye aliyetangulia.

"Kumbe ndiyo maana sijawahi kugawiwa yai," alisema. "Mayai yetu yanaliwa Mabwerebwere."

Darasa zima lilicheka. Walikuwa wamekutana shuleni, kwenye darasa la tatu, wamekaa kwenye madawati ya watoto na magoti yao yamegota mbao. Lightness naye alicheka, kisha akawaambia kwamba jambo lenyewe halikuwa dogo.

Asasi yake ilikuwa na mizinga ya nyuki ya kugawa kwa vikundi vinavyopakana na hifadhi. Lakini haikutoa kitu bila mkataba, na ukurasa wa kwanza wa mkataba ulikuwa na nafasi tupu ambayo kikundi chenyewe kilipaswa kuijaza: kikundi kipo kwa ajili gani na kinakusudia kufanya nini. Maneno yatakayoandikwa pale sharti yafanane na ya katiba, kwa hiyo katiba ingepaswa kurekebishwa kwanza na mkutano mkuu, kwa theluthi mbili za kura.

"Wazee wangu, msiuone ukurasa huu kama pambo," alisema. "Kila tutakachowapa kitatumika kwa lengo mtakaloliandika hapa, na kwa hilo tu. Hata mahali pa kutundika mizinga tutapaamua kwa kuangalia maneno haya. Nikija kukagua, nitakagua kwa haya haya."

Aliwapa wiki mbili. Wasipokuwa tayari, mizinga ingepelekwa kwa kikundi kingine upande wa Vidunda.

Kwenye dawati la mwisho, karibu na dirisha, alikaa Siwema, mjane. Shamba lake ndilo lililokuwa la mwisho. Mbele yake kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito ni hifadhi. Tembo wakivuka huanza kwake. Mwaka uliotangulia walikuja mara tatu, na zamu za wenzake hazikutosha, kwa sababu kabla debe halijagongwa wanyama walikuwa wamekwisha kuingia katikati ya mahindi. Hakuvuna hata gunia. Binti yake, Vaileth, ambaye ana kibanda cha chakula Dumila, kwenye njia panda ya Dodoma, alimpigia simu akamtaka ahamie kwake, akakae kibandani amsaidie kumenya viazi. Siwema hakumkatalia. Alimwambia angoje msimu mmoja tu. Mizinga ikija ukingoni mwa shamba, atapanda. Isipokuja, atalikodisha shamba kwa yeyote atakayelitaka na kwenda Dumila. Hilo alikuwa amekwisha kulitamka katika sala zake, na watu wa kikundi walilijua kwa sababu hakulificha.

Lightness alikuwa amewaeleza jinsi mizinga inavyofanya kazi. Hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo humwogopa nyuki, maana nyuki humwingia kwenye mkonga. Siwema aliyasikiliza maelezo hayo kama mtu anayesikiliza mahubiri, na tangu siku hiyo alianza kuomba nyuki.

Katibu wa kikundi alikuwa Godfrey, kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye duka la simu Mikumi. Ndiye aliyepewa kazi ya kuandika rasimu. Siku ya mkutano mkuu alikuja mapema, akafuta hesabu za watoto ubaoni, akaandika kwa chaki, kwa mwandiko mzuri ulionyooka:

*Dhamira yetu ni kuwa kinara wa uzalishaji, ufungashaji na uuzaji wa asali bora ya Mikumi, ili kuinua kipato cha wanachama na kuhifadhi mazingira.*

Mkutano ulifunguliwa na Mzee Beda kwa sala ya Kikristo, kwa maana desturi yao ni kwamba Mkristo akifungua, Mwislamu hufunga, na mkutano unaofuata hubadilishana. Kisha Godfrey aliyasoma maneno yake. Walimpigia makofi. Yalikuwa maneno yanayofanana na yale ya kwenye mabango ya barabarani, na wengi waliona kwamba kwa mara ya kwanza kikundi chao kimesemwa vizuri.

Siwema hakupiga makofi kwa kuwa alikuwa hajamaliza kusoma. Alikuwa anahudhuria masomo ya jioni ya watu wazima kwenye darasa hilo hilo, na ubao huo aliuzoea, ila alisoma polepole, neno baada ya neno, midomo ikicheza. Wenzake walimngoja bila kujua kwamba wanamngoja. Alipofika kwenye nukta alirudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu katibu, umeandika vizuri," alisema. "Ila nimetafuta shamba, silioni."

Godfrey alimjibu kwa adabu kwamba shamba limo ndani ya mazingira.

"Na tembo?"

"Tembo naye yumo humo humo, mama."

"Basi mazingira yako makubwa," alisema Filomena. "Tembo kaingia mzima na masikio yake."

Walicheka, lakini kidogo. Mzee Beda alimgeukia Lightness, aliyekuwa amekaa pembeni kama msikilizaji, akamwuliza: wakiyapitisha maneno haya, mizinga itatundikwa wapi? Lightness hakutaka kujibu haraka. Alisema kwamba kama lengo ni asali ya kuuza, mizinga inapaswa kukaa panapoleta asali nyingi na panapofikika na gari, na kwa alivyoiona ardhi yao, pale ni msituni upande wa barabara kuu, kwenye miti yenye maua.

"Mbali na kijito," alisema Mzee Beda.

"Mbali na kijito," alikubali Lightness.

Godfrey alijieleza, na haikuwa haki kumwona mtu mbaya. Alisema tembo ni tatizo la miaka yote na nyuki si dawa ya uhakika, wakati asali ni fedha, na fedha ingeweza kuajiri walinzi. Alisema wafadhili wanapenda biashara, na kwamba kikundi cha biashara hupata pia mashine ya kukamulia, chupa na lebo. Lightness alithibitisha. Kwa lengo la ulinzi wangepata mizinga na waya tu, tena mizinga pungufu.

Hapo mkutano ukagawanyika. Wenye mashamba ya juu, ambao tembo huwafikia wakiwa wameshashiba, waliona asali ni jambo jema. Letisia alisema yeye alijiunga kwa sababu ya misiba, maana kikundi ndicho kilichomchimbia kaburi baba yake, na hilo nalo liandikwe. Lupakisyo alitaka mikopo. Mwingine alikumbusha kwamba kwa sasa hivi wao bado ni wafuga kuku, na kuku hawaliwi na tembo. Kila aliyesimama alikuwa na Tukeshe yake. Siwema hakusema tena. Kuomba wenzake waandike shamba lake kwenye mkataba aliona ni sawa na kuwaomba wamlishe, na hilo hakuwahi kulifanya.

Jua lilipoanza kushuka na wengine wakitazama nje, Mzee Beda alisema wapige kura. Kabla ya kura, akasema, ni vizuri wamwombe Mungu, na kwa kuwa sala ya kufunga ilikuwa zamu ya Waislamu, akamwomba Mzee Hussein aitangulize.

Mzee Hussein ndiye aliyekuwa akiomba kwa upande wa Waislamu tangu kikundi kilipoanza. Dua yake ilikuwa ile ile kila mara, na hata Wakristo walikuwa wameishika kichwani. Alisimama akainua viganja. Wote wakainamisha vichwa. Wakangoja.

Baada ya muda watu walianza kuinua macho mmoja mmoja.

"Mzee, vipi?" Filomena aliuliza kwa sauti ya chini. "Leo tuombee asali."

"Ndipo nilipokwama," alisema Mzee Hussein, viganja bado viko juu. "Miaka yote hii namwomba Mola kitu kimoja. Ya Rabi, tuvunie shamba la mwisho, ndipo tuvune la kwanza. Nanyi mnaitikia amina. Sasa leo nikimwomba asali, akaniuliza lile ombi la zamani limekwenda wapi, nitamjibuje?"

Godfrey alikuwa na kipande cha chaki mkononi.

"Mzee, hiyo ni dua," alisema. "Huu ni mkataba."

"Mwanangu, mimi kusoma sijui," alijibu Mzee Hussein. "Lakini yule binti kasema hapo ni mahali pa kuandika mnataka nini. Na mimi nilichokuwa natumwa kukitaka ni hicho. Kama hamkitaki tena, niambieni niache."

Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kazi yake ya kesho. Kisha akaomba dua yake ya kila siku, na waliposikia maneno ya shamba la mwisho waliitikia amina, kwa mazoea, wote, na Godfrey pia.

Mzee Beda alimtazama Lightness akamwuliza kama maneno hayo yanaweza kuandikwa kwenye karatasi ya mkataba. Lightness alisema yanaweza, mradi yaseme nani analindwa, dhidi ya nini, na kazi inaanzia wapi. Godfrey aligeuka ubaoni. Alifuta *kinara* kwanza, kisha mengine. Walimsaidia kwa kupayuka kila mtu neno lake, naye akayapanga, kwa maana kazi ya kupanga maneno aliijua. Yalipokwisha yalisomeka hivi:

*Kikundi kipo kwa ajili ya kulinda mazao ya wanachama wote dhidi ya tembo, kuanzia shamba lililo karibu zaidi na hifadhi. Kitawasaidia pia wanachama wake katika misiba.*

Theluthi mbili zilipatikana, lakini kwa shida. Wengine walinyoosha mkono nusu, wakautelemsha, wakaunyoosha tena. Lupakisyo alikataa hadi mwisho na kusema wataikumbuka mashine ya kukamulia. Pengine hakukosea.

Mkataba ulitiwa saini Kilosa, kwenye ukumbi mdogo wenye feni isiyozunguka. Mzee Beda na Godfrey walitia saini kwa niaba ya kikundi, na Siwema, aliyechaguliwa kuwa shahidi, aliandika jina lake lote kwa kalamu, bila dole gumba. Alichukua muda. Ofisa aliyekuwa akikusanya karatasi alingoja.

Mizinga ilikuja ikatundikwa kando ya kijito. Kwa miezi kadhaa mingi ilikaa mitupu, kwa sababu nyuki hawaji kwa mkataba, huja wanapopenda. Siwema alipanda hivyo hivyo. Vaileth alipopiga simu, mama yake alimwambia viazi avimenye mwenyewe kwanza. Mvua ziliponyesha makundi mawili ya nyuki yaliingia, kisha mengine. Mahindi yalipokomaa tembo walivuka kama kawaida yao, wakaukuta waya, wakausukuma. Kona moja ya shamba iliyokuwa na mizinga mitupu waliila yote. Upande mwingine walirudi nyuma. Siwema alivuna magunia machache, na alimshukuru Mungu kwa hayo na kwa kona iliyoliwa pia, maana ilimwonyesha mahali pa kusogeza mizinga.

Baadaye mwaka huo mfanyabiashara mmoja wa asali alisimama dukani kwa Godfrey. Alikuwa ameiona mizinga kwa mbali. Alisema iko mahali pabaya, hapana maua, na kwamba wakiihamishia barabarani yeye atanunua asali yote na kuwaletea chupa zake mwenyewe. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Godfrey alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haihamishiki, mzee," alisema. "Tumeandika ni ya kulinda mashamba."

"Mizinga isiyo ya asali?" yule mtu alicheka. "Sasa ni ya nani?"

Kutoka mlangoni mwa duka shamba halikuonekana. Hata hivyo Godfrey alinyoosha mkono kuelekea kijito, akaanza kumweleza juu ya mama mmoja anayeitwa Siwema, ambaye saa hiyo, kama ilivyo kawaida yake, alikuwa anapalilia.