Zulia Jeupe Kinywani Mwangu

Usiku wa jana niliota nimeingia kinywani mwangu mwenyewe, na mwenyeji niliyemkuta humo akaniomba nivue viatu.

"Zulia jeupe hili, mama," alisema. "Linachafuka."

Alikuwa fangasi, mnene, mpole, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Nduguze walikuwa wametandika zulia ulimi mzima, na wengine walishafika ukingo wa koo wakipima kwa futikamba. Nilivua viatu. Nimelelewa vizuri.

Koo ndilo lililonitisha. Ninatibiwa saratani, na daktari alishaniambia kwamba utando huu mweupe wa fangasi ukishuka kooni nikashindwa kula, dripu ya Alhamisi itaahirishwa. Dripu hiyo nimeitapikia na kunyonyokea nywele. Sitaki isogezwe hata kidogo.

Nikauliza walinzi wa mwili wangu wako wapi. Fangasi akanionyesha. Wamelala kwenye benchi, mabuti miguuni, wanakoroma.

"Dozi zako zimewachosha," alisema kwa huruma ya kweli. "Sisi tulikuwa humu siku zote, wachache, tunakaa kwa adabu. Walinzi wakilala tunaongeza vyumba."

Inabishwa hodi. Anaingia bwana wa manjano anayenukia ndizi. Ni dawa yangu ya matone, na ana hasira na mimi.

"Mama, una shida gani? Wiki nzima nikifika tu unanisukuma tumboni. Nesi alikwambia nikae mdomoni kwanza, nizunguke. Huko tumboni sina kazi."

Nikamweleza kwamba kosa si langu, ni la watu. Kwetu Korogwe mgonjwa anajuliwa hali na kila apitaye, na mimi nikishatia dawa mdomoni tu, mtu ananiamkia dirishani. Niiache shikamoo ya mtu ikining'inia? Nameza, najibu marahaba. Hata mama yangu angemeza.

"Leo usijibu," alisema. Akavuta kigoda, akaketi katikati ya zulia na viatu vyake. Fangasi wote wakaguna.

Mara kinywa kimekuwa njia ya msikitini, na Korogwe nzima imepanga foleni. Shikamoo mama. Shikamoo bibi. Mbuzi wa jirani naye ananiamkia, tena kwa heshima kuliko mwenye mbuzi. Nafumba mdomo. Aibu inanichoma, machozi yananitoka, mashavu yamejaa dawa.

Anakuja Shekalaghe, mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu anayeweza kununa toka mfungo hadi mfungo. Ananiamkia. Anasubiri. Ananiamkia tena. Nyuma yangu nasikia zulia likikunjwa. Sijibu.

Yule fangasi mnene ananipita na furushi begani. Hana kinyongo.

"Umetuweza, mama," ananong'ona. "Hatukujua kama unaweza kukosa adabu."

Nikaamka. Jua lilishatoka, na chupa ya matone ilikuwa wazi kando ya mto wangu. Mwajabu, mkwe wangu, alikuwa amesimama mlangoni na uji, uso umemshuka.

"Mama, umegombana na mwenyekiti? Kapita alfajiri akitoka kuswali, kakuamkia dirishani mara mbili. Anasema ulikuwa umekaa kitandani, mashavu umeyajaza, unamkodolea macho tu. Kaondoka kanuna."

Nilipokea kikombe, nikanywa funda dogo huku nimejikaza kama kawaida yangu siku hizi. Uji ukapita kooni bila kuniunguza. Nikanywa tena, na safari hii nikausikia uchachu wa ndimu, mimi ambaye kwa wiki nzima nilikuwa nakula kila kitu kama pamba. Nilifurahi mpaka nikalia, Mwajabu naye akadhani ni kwa ajili ya mwenyekiti.

"Mkimbilie," nilimwambia. "Mwambie marahaba."