Ukuta wa Ghala

Kamba ya kiatu, nyeusi, imefungwa kitanzi huku na kitanzi huku. Kimoja kimeingia kwenye kidole cha kinyozi, kingine kwenye kidole cha dada yake. Usidhani ni kamba ndefu, haizidi kiganja. Mkono wa dada ukienda mbele, wa kinyozi nao unakwenda, upende usipende, na kinachopita mwilini mwa mmoja, kiwe kikohozi au kwikwi, mwenzake anakipata hapo hapo.

Jumapili hiyo kilichopita ni uchovu. Jumamosi ndiyo siku vichwa vyote vya mtaa hukumbuka kunyolewa, na kinyozi alikuwa amesimama kutwa nzima mpaka miguu ikavimba ikakataa kutoka kwenye viatu. Hata usingizi haujakolea, simu ikapiga kelele chini ya mto. Mkewe akamsukuma kwa goti bila kufumbua macho, akamwambia aipelekee barabara salamu zake. Sasa wako mbali na nyumbani, jasho linamtiririka, na vinywele vya wateja vilivyojificha kwenye ukosi vinamchoma shingo kama siafu.

Dada alipoteza macho akiwa mtu mzima, rangi zote anazijua. Siku za kazi anapokea simu za hospitali. Aliyekuwa akimwongoza mbioni ni mwalimu mmoja, akahamishwa, na kinyozi akajitolea kushika kamba kwa wiki moja tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Wiki ikazaa miezi. Sasa marathoni ilikuwa imekaribia, na bila mwongozaji dada hapewi hata namba ya kubandika kifuani. Kinyozi alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana maneno ya kujitoa alikuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha kazini, yakanyooka kabisa, halafu kila akimkuta dada yuko mlangoni, viatu ameshafunga, anajikuta ananyoosha kidole kwenye kitanzi.

Kuongoza si kuvuta tu, ni kusema. Shimo kushoto, kona, mteremko. Na dada hatosheki na hayo, anataka na umbea wa njiani: nani kaanika mashuka, duka lipi limepakwa rangi. Mwanzoni kinyozi alisimulia mpaka mate yakamkauka. Lakini njia ni ile ile, na siku moja akagundua anaweza kuisimulia bila kuitazama. Mdomo ukabaki kazini, akili ikarudi kitandani.

"Ghala hilo, kulia," alisema walipofika kwenye viwanda. "Ukuta mrefu kama kawaida. Tangazo la sabuni bado lipo."

Kamba ikakaza. Dada akapunguza mwendo, kisha akasimama kabisa, anahema.

"Ukuta umevunjwa," alisema.

Kinyozi akageuza shingo. Kweli bwana. Matofali yamerundikwa, na nyuma yake uwanja mtupu mpaka kwenye reli.

Dada akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wagonjwa kwenye simu. Hapo hatua zao huwa zinagonga ukuta na kurudi, utasema kuna wawili wengine wanakimbia upande wa pili. Jumapili iliyopita hazikurudi. Kinyozi bado alimsimulia ukuta; dada akamsamehe, akitumaini leo mdogo wake atafumbua macho.

Kinyozi akaomba samahani. Dada akasema samahani akae nayo, yeye anauliza tu amechoka tangu lini. Yale maneno ya kwenye kioo yakayeyuka yote.

"Zamani, dada. Tangu wakati wa mvua."

"Na mimi. Nikikaa kwenye simu miguu inatetemeka chini ya meza mpaka karani mwenzangu anauliza kama kuna mashine imewashwa." Akafuta uso kwa bega. "Lakini nyumbani napapasa, kazini napapasa. Huku ndiko mahali pekee nisipopapasa. Sasa kama unaniongoza umelala, mdogo wangu, atakayevunjika ni mimi. Nenda kapumzike. Teksi nitaita mwenyewe, na sina kinyongo."

Akachomoa kidole.

Kitanzi kikabaki kinaning'inia kwenye mkono wa kinyozi, chepesi mno. Hicho ndicho alichokuwa anakitaka siku zote hizo, na kimekuja bila ugomvi. Angeweza kuwa kitandani kabla chai haijapoa. Akamtazama dada yake akisogea pembeni, mkono mmoja umetangulia mbele, vidole vimetawanyika, vinatafuta hewani kitu cha kuegemea. Mkono huo kinyozi anaujua tangu zamani, ila barabarani hajawahi kuuona hata mara moja.

Akausogelea. Akakirudisha kitanzi kwenye kidole cha dada, polepole, maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi.

"Leo sitasema mengi," alimwambia. "Sina nguvu."

"Sema yaliyopo tu."

Wakatembea kwanza. Habari ya Jumapili ijayo hakuna aliyeigusa. Shingo bado inawasha, kisigino kinauma, na jua limeshaanza ukali wake. Kinyozi akainua macho, akaitazama barabara yote mbele yao.

"Kuna kilima."

"Kirefu?"

Akakifuata kwa macho mpaka juu.

"Kirefu. Kuna lori linapanda, nalo limechoka kama sisi. Bado halijafika."

Dada akacheka kwa pua, akainamisha kichwa, na mikono yao ikaanza kwenda.