Mpika Pombe wa Gulwe

Wakati ule wa Mwingereza, vibarua wa reli pale Gulwe walikuwa wakitoka kazini jioni na kupitia kwa Loisi kabla hawajafika kwa wake zao. Pombe yake ya uwele ilikuwa nzito, na watu walisema mkono wake una baraka. Hakuna aliyeuliza yeye mwenyewe anakunywa kiasi gani. Mpika pombe huonja, na Loisi, tangu afiwe na mumewe, alikuwa akionja kuanzia asubuhi.

Binti yake Ruthu alijua. Hata hivyo, siku moja ya palizi alimwachia mama yake mtoto wake mchanga kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Aliporudi kutoka shambani alimkuta mama yake amelala kando ya mtungi, na mtoto amelia hadi sauti imemkauka, mkono umeungua kwenye majivu ya moto. Ruthu hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mkono, akakusanya nguo zake aende Mpwapwa kwa mumewe.

"Mtoto huyu hutamshika tena," alimwambia mama yake, aliyekuwa ameamka, alipofika mlangoni. "Mpaka nione."

"Uone nini, mwanangu?"

Ruthu alimweka mtoto mgongoni, akashika njia.

Loisi aliapa kuacha. Kesho yake mikono ilimtetemeka hata akashindwa kuchota maji, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kunywa. Akaapa tena, akanywa tena. Akaanza kuuogopa mdomo wake mwenyewe.

Aliyemwonyesha njia ni jirani yake Zaitun, mama wa Kirangi aliyeuza vitunguu karibu na stesheni. Alikuja kuazima kinu, akaona hali.

"Mama Ruthu, nikikwambia jambo utalifunika?"

"Sema."

"Mume wangu Shaaban alikuwa anakunywa. Mtu wa swala, anakunywa kwa kujificha. Sasa kila Jumamosi alasiri huenda kwa Yotham seremala, ng'ambo ya reli. Wako wenzake kule, Waislamu kwa Wakristo. Wanakunywa uji na kuzungumza mpaka saa ya pombe iwapite."

"Wanapewa dawa gani?"

"Hata mimi nilidhani ipo. Anasema ni kukaa tu."

"Na wanawake?"

Zaitun alikishika kinu. "Sijasikia."

Jumamosi ile Loisi alifika hadi kwenye ua wa Yotham, akasikia sauti za wanaume, akageuka. Alikunywa siku hiyo mpaka akaanguka. Jumamosi iliyofuata aliingia haraka, kabla woga haujamwahi.

Wanaume walikuwa wameketi juu ya mbao. Yotham, kijana mwembamba mwenye kigugumizi, alisimama kumkaribisha, lakini mwingine alimtangulia kusema. Alikuwa Nikodemo, aliyepata kuwa mfanyakazi wa reli.

"Huyu anatafuta nini hapa? Siku niliyofukuzwa kazi nilikuwa nimetoka kwake. Pombe ile aliipika yeye, kwa mikono yake."

"Ni kweli," Loisi alisema. "Na bado naipika. Hata sasa mtungi uko nyumbani. Nikiacha kupika sijui nitakula nini, na nikipika siwezi kuacha kunywa. Peke yangu nimeshindwa. Ndiyo maana nimekuja."

Watu wote walimtazama Yotham.

"Mi-mimi sijui la kusema," alisema. "Lakini hatujawahi kumfukuza mtu."

"Basi nitajifukuza mwenyewe," Nikodemo alisema, akatoka.

Shaaban alimmiminia Loisi uji.

Aliporudi nyumbani Loisi alimwaga pombe yote nyuma ya nyumba. Wateja walikuja wakacheka, kisha wakatukana. Zaitun alimpa vitunguu vya kuuza, akawa analala nyumbani kwa Loisi siku zile mbaya, Loisi alipokuwa akitoka jasho na kujipangusa wadudu wasiokuwapo. Jumamosi zilipofika Loisi alikwenda kwa Yotham. Nafasi ya Nikodemo ilikuwa wazi kila mara, mpaka Shaaban akaja na habari kwamba amemwona kilabuni, amelewa tangu mchana. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya nani, lakini hakuna aliyemtazama Loisi.

"Nitamfuata," Loisi alisema.

Yotham alikwenda naye. Kabla hawajafika, harufu ya kimea iliwapokea, na Loisi akahisi mate yakimjaa kinywani. Nikodemo alikuwa ameegemea ukuta, kata ya pombe mkononi.

"Umekuja kunywa?" aliuliza.

"Natamani," Loisi alisema. "Natamani sana, Nikodemo. Kwa hiyo siwezi kukungoja hapa muda mrefu. Kama unakuja, twende."

Nikodemo alimkazia macho, akatafuta mzaha usoni mwake na asiuone.

"Usitembee karibu yangu."

"Nitatembea mbali."

Wakarudi hivyo, Yotham akimshikilia Nikodemo, Loisi nyuma yao kama mtu asiyewajua. Jumamosi iliyofuata Nikodemo alikuja. Nyingine hakuja. Kisha akaja tena. Alikaa upande wake, na hata siku moja hakumsalimu Loisi, naye Loisi hakumdai salamu.

Ilikuwa wakati wa mavuno Ruthu alipokuja kutoka Mpwapwa, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Ruthu alimsogelea karibu sana, kana kwamba anataka kumkumbatia, lakini Loisi alijua ananusa. Akasimama anuswe. Alitaka kusema kwamba hata wiki iliyopita alikuwa amekaribia kushindwa, akaona hilo lingoje.

Ruthu alimfungua mtoto, akamweka kwenye mkeka, si mikononi mwa bibi yake, bali katikati yao. Mtoto alimtazama Loisi kama mgeni, akaanza kutambaa. Loisi aliketi, akaweka mikono mapajani, akangoja Ruthu amwambie amshike.