Harufu ya Kahawa

Nilikuwa narudi kutoka Mpitimbi na kiroba cha unga kichwani niliposikia harufu ya kahawa ikitoka nyumbani kwangu. Nikakaza mwendo.

Kwetu hapa Matogoro kila siku ni chai. Kahawa tunachemsha penye msiba tu, kwa ajili ya wanaokesha na wafiwa. Na ndani nilikuwa nimemwacha mume wangu, Baba Rupert, hajainuka kitandani tangu Jumapili.

Mlangoni nikaona ndala za wanaume. Kumbe wameshakusanyika! Na hakuna hata mmoja aliyenipigia simu, washenzi hawa! Kiroba kikanidondoka, nikaingia nikilia kwa sauti: "Baba Rupert, unaniacha na nani!"

Baba Rupert alikuwa amekaa kitini, kajifunika blanketi, kikombe mkononi. Majirani wawili wamemzunguka, mmoja kashika birika.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Bado," akajibu mume wangu, akapuliza kikombe chake. "Nimewaambia wanichemshie mapema. Siku yenyewe mtakunywa ninyi tu."